Mahali pa Kumlaza Baba

Baba alipofariki, hakuna aliyeuliza aliugua nini. Kwetu Ukambani mtu mzima akifa watu huuliza jambo moja kwanza, na mimi niliulizwa nikiwa bado nimesimama kwenye korido ya hospitali, mkononi nimeshika mfuko wenye viatu vyake na redio yake ndogo. Muuguzi aliyenikabidhi mfuko ule aliniuliza kwa upole kama mtu anayeulizia njia: "Mtazika wapi?" Nikamwambia tutazika nyumbani. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nikabaki pale nikijiuliza nyumbani kwetu ni wapi hasa.

Baba alizaliwa ndani ya ranchi ya Wazungu, upande wa pili wa barabara ya Mombasa, si mbali na Kiboko. Alifanya kazi humo tangu utotoni hadi magoti yalipomkataa. Mama alikuwa akipiga pasi nguo za nyumba kubwa. Mimi na ndugu yangu tulizaliwa katika laini, yaani ile safu ya vyumba vya mawe walivyojengewa wafanyakazi, kila familia na chumba chake kimoja. Baba alipoacha kazi aliruhusiwa kuendelea kukaa katika chumba kile pamoja na mama. Mwenyewe alisema ni kwa hisani. Alilitamka neno hilo kwa heshima, kana kwamba hisani ni kitu ambacho kikishikwa vibaya kitavunjika.

Jinsi familia yetu ilivyofika pale niliisikia kwake, naye aliisikia kwa babake. Babu alikuwa mtu wa Kilungu, kule milimani, na alikuwa na ng'ombe. Hawakuwa wengi wa kumfanya aimbwe, lakini walitosha kuozesha wana na kuvuka kiangazi. Serikali ya mkoloni ilikuwa imewachorea Wakamba mpaka na kuwaambia waishi ndani yake, kwa kuwa nje yake ni ardhi ya Wazungu. Watu wakaongezeka, mifugo ikaongezeka, mpaka ukabaki palepale. Nyasi zilipokwisha na udongo wa milimani ukaanza kuteremka na mvua, serikali ikasema wenye makosa ni ng'ombe. Askari wakaja, wakachagua wa kubaki na wa kuondoka, na wale wa kuondoka wakaswagwa hadi mnadani.

Bei siku hiyo ilikuwa ya kutupa. Wenye ng'ombe walikuwa wamelazimishwa kuuza wote kwa mara moja, na wanunuzi walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa Mzungu aliyepewa ardhi kule chini tambarare. Nyasi alikuwa nazo hadi macho yachoke, na benki ilikuwa tayari kumkopesha kwa ardhi ile. Babu hangeweza kukopeshwa hata kama angeomba, maana Mwafrika hakuwa na hati ya kumpelekea mwenye benki. Kilichompungukia Mzungu yule ni ng'ombe tu. Akawanunua wa babu.

Babu akawafuata kwa nyuma, bila kujua anafuatia nini. Walipofika mtoni wale ng'ombe wakagoma kuvuka. Wachungaji wa Mzungu wakapiga fimbo hadi wakachoka. Babu alikuwa ng'ambo ile ya nyuma, chini ya jua, akiwatazama wakipigwa. Hakuvumilia, akapiga mluzi wake wa kila siku, nao wakavuka. Mzungu akageuka kumtazama, akamwuliza kupitia kwa karani wake kama anatafuta kazi.

Hivyo ndivyo babu yangu alivyoajiriwa kuwachunga ng'ombe wake mwenyewe. Alipewa kipande, yaani kitambulisho cha mfanyakazi, cha kuning'iniza shingoni, chumba, na posho ya unga. Mbuzi wachache aliruhusiwa, lakini ng'ombe wa kwake hapana. Mfanyakazi hakuruhusiwa kufuga ng'ombe katika ardhi ya Mzungu. Ndama waliozaliwa na wale ng'ombe, na ndama wa ndama wao, wote walipigwa chapa ya ranchi. Baba alikuwa na desturi ya kucheka anapofika hapo. Mimi sikuwahi kuona kinachochekesha.

Mzungu huyo alikuwa na mwana wa rika la baba. Walikua wakicheza pamoja, wakiwinda ndege kwa manati na kuoga mtoni. Walipofika umri wa kusoma, yule mmoja alipandishwa treni kwenda shule ya watoto wa Kizungu, na baadaye ng'ambo. Baba alipewa ndama wa kuchunga. Karibu na ranchi hapakuwa na shule ya Waafrika, na ile nyingine hangeruhusiwa kuikanyaga. Mwenzake aliporudi alikuwa bwana, na baba alikuwa nyapara wa zizi. Hawakuwahi kugombana. Baba alimwita bwana hadi alipomzika.

Uhuru ulipokuja, watu wa laini walitarajia kupata ardhi. Kipande kimoja cha ranchi kilirudishwa serikalini, na afisa akaja kuandika wafanyakazi. Kisha nguzo zikasimamishwa, waya ukavutwa, na wenye mashamba mapya wakaja kwa magari kutoka mjini. Walikuwa watu wa ofisini, waliosoma mapema kuliko wengine na waliojua mlango wa kubisha. "Walikuwa weusi kama mimi," baba aliniambia mara moja tu. Sikumsikia akilitaja tena jambo hilo.

Sehemu kubwa ya ranchi ilibaki kwa familia ileile. Bwana alichukua uraia, akazeeka, akafa. Siku hizi ranchi inaendeshwa na binti yake, mwanamke wa rika langu. Tulipokuwa wadogo alikuwa akija likizo kutoka shule ya bweni, na nguo zilizombana nilipewa mimi. Baadhi ya vitabu vyake pia nilipewa, na sitakana kwamba ndivyo vilivyonisaidia hadi nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Sikuwahi kujua nimwite nani. Baba alimwita memsahib mdogo, yaani bibi mdogo. Mimi nilijizoeza kuzungumza naye bila kumwita chochote.

Kwake ndiko nilikoenda kwanza na ndugu yangu, ambaye ni dereva wa lori na alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka Mombasa akiwa hajalala. Mwenye ranchi alipotuona kutoka barazani alishuka ngazi mbio, akanikumbatia, akalia. Machozi yake sikuyatilia shaka wakati ule, na hata leo siyatilii shaka. Alizungumza nasi Kikamba, tena kile cha wazee, kizuri kuliko cha binti yangu. Akakumbuka jinsi baba alivyomfundisha kukamua, na jinsi alivyombeba mgongoni mto ulipofurika. Chai ikaletwa. Tulipokwisha kunywa nikamweleza kwamba baba aliomba alazwe kando ya babu, nyuma ya laini, penye yale marundo ya mawe chini ya migunga.

Akaweka kikombe chini.

"Ingekuwa ni mimi peke yangu," alisema, "kaburi hilo ningelichimba kwa mikono yangu."

Akaeleza kwamba ranchi si yake peke yake. Ana binamu zake Uingereza wenye sehemu yao, na sasa wameingia watu wa kampuni ambao watakata upande wa barabarani kuwa ploti za kuuza. Wakili amewakataza wasiruhusu kaburi jipya lolote ndani ya ua. Kesi za ardhi zikifika mahakamani, alisema, watu huonyesha makaburi ya wazee wao kuwa ni ushahidi kwamba ardhi ni yao.

"Kwani si yetu?" ndugu yangu akauliza. Hakupaza sauti.

Mwenye ranchi alimgeukia. "Mimi pia nilizaliwa hapa."

Na ni kweli, alizaliwa hapa. Nimelifikiria jibu lake mara nyingi na sijapata kosa ndani yake. Alizaliwa katika nyumba iliyo mwendo mfupi kutoka laini, mwaka uleule niliozaliwa mimi, na mkunga mmoja ndiye aliyetupokea. Hakuninyang'anya kitu. Yeye alikuta vyote vimekwisha kupangwa, nami nikavikuta hivyohivyo.

Alituahidi jeneza, lori la kubeba waombolezaji, na fahali mmoja wa kulisha watu. Halafu, akiwa ameinamisha macho, akasema kuhusu mama. Chumba kile kilikuwa cha mfanyakazi, na wakili alitaka laini yote iwe wazi kabla ya wapimaji kuingia. Mama asiharakishwe, alisema, aondoke taratibu mazishi yakipita. Ndugu yangu aliinuka akaenda kusimama nje ya lango. Mimi nilishukuru kwa chai, maana ndivyo nilivyolelewa, nikasema nitamwuliza mama kuhusu fahali.

Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu ameinyoosha, wanawake wa laini wamemzunguka. Nilimweleza kwa sauti ya chini, nikitarajia akatae. Aliniuliza huyo fahali ana rangi gani. Nikamwambia sikuulizia.

"Mchukue," akasema. "Walipowachukua wa babu yako hawakutuuliza kama tumekasirika."

Ilibaki Kilungu. Asubuhi iliyofuata tulipanda mlima kwa miguu kutoka njia panda, mimi na ndugu yangu, tukifuata kinjia kati ya miti ya avokado na michungwa. Kule ni kuzuri, hewa ni baridi, maji yanateremka kwenye mifereji, na matuta yamepangwa kama ngazi hadi chini bondeni. Kaka yake babu aliacha mwana mmoja aliye hai, ambaye sisi humwita baba mdogo ingawa ni mzee wa kutembelea fimbo. Alitupokea vizuri, akatuombea, akaagiza tuletewe ndizi. Kisha akatutembeza shambani, akituonyesha kwa fimbo. Tuta hili la mwanawe wa kwanza, lile la wa pili, lile lenye mahindi yaliyonyauka la mjane wa wa tatu. Wajukuu wawili walikuwa wamejenga vibanda vya mabati kwenye ukingo ambapo hata mbuzi angesimama kwa tahadhari.

Akatueleza kwamba babu yetu alipowafuata ng'ombe wake hakuacha mtu wa kushika upande wake. Miaka mingi baadaye, uhuru ukiwa umekwisha kuja, wapimaji wa serikali walipanda mlima ule na kumwandikia kila mtu ardhi aliyokutwa juu yake. Baba wakati huo alikuwa chini kule na ndama wa watu. Hakuna aliyemletea habari, na hata angeletewa, angeomba ruhusa kwa nani?

"Ningekuwa na pa kumweka, ningemweka," baba mdogo alisema. "Lakini kaburi haliji peke yake. Kesho wanao watakuja kulipalilia, kesho kutwa watasema hapa ndipo kwa babu yetu. Na watakuwa hawajasema uongo."

Alisema hivyo akiwa ameshika mkono wangu. Ndugu yangu, aliyekuwa na hasira tangu ranchini, hakupata wa kumkasirikia pale. Tuliteremka na gunia la machungwa tulilopewa, tukawa tunapokezana kulibeba hadi barabarani.

Kulikuwa na sehemu moja tu iliyobaki duniani, nayo ilikuwa yangu. Kwa mkopo wa chama cha akiba cha walimu nilikuwa nimenunua ploti, futi hamsini kwa mia, nyuma ya maduka ya senta yetu. Nilimaliza kuilipia mwaka mmoja kabla ya baba kufa. Katika familia yetu, tangu babu avuke mto ule, hakuna mtu mwingine aliyewahi kumiliki hata upana wa mkeka. Mpango wangu ulikuwa nijenge vyumba vya kupangisha, kodi imalizie karo ya binti yangu, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja katika chuo cha uuguzi. Nilimpigia simu nikamweleza. Akasema, "Mlaze babu, mama. Hayo mengine tutaona."

Jirani wa ploti ya pili, muuza saruji, alikuja kulalamika kwamba kaburi litawafukuza wateja wake. Chifu alimtuliza, akatuandikia kibali, akatushauri tuchimbe kwenye kona kabisa ya nyuma. Tukachimba kwenye kona. Udongo wa pale ni mgumu, wa changarawe, na vijana wa kanisa walivunja mpini wa sururu kabla ya kufika kiunoni.

Siku ya mazishi watu walijaa hadi barabarani. Fahali alikuja, mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, na waliokula walisifu unono wake. Mama alimtazama alipokuwa akiteremshwa kutoka kwenye lori, kisha akaingia ndani ya hema na hakula nyama ile. Mwenye ranchi alikuja pia, amevaa leso kiunoni kama wanawake wengine, akakaa nao chini kwenye mkeka. Pasta alipompa nafasi ya kuzungumza alisimama na karatasi mkononi, akaikunja na kusema bila kuisoma. Alisema babake na marehemu walikuwa kama ndugu. Alilisema kwa Kikamba, na waombolezaji wakampigia makofi.

Mama aliinama kwenye sikio langu. "Ndugu hugawana," akasema.

Sijui kama kuna mwingine aliyesikia. Uso wa mama haukubadilika. Aliendelea kutazama jeneza hadi lilipoteremshwa.

Mama aliondoka laini kabla ya mwezi kuisha, nikamchukua kwangu katika nyumba ninayopanga. Mimi nilirudi kwenye chama chetu kuomba mkopo wa kujenga, nikiiweka ploti kuwa dhamana. Kijana waliyemtuma kuikagua aliizunguka, akafika kwenye kona, akaona saruji na msalaba. Alivua kofia. Alikuwa kijana mwenye adabu, akanipa pole kwanza, halafu akaniambia kwamba ardhi yenye kaburi hainunuliki, na isiyonunulika haikopeshi. Ukambani hakuna mtu atakayenunua mfu wa mwenzake.

Binti yangu alirudi nyumbani chuo kilipomwambia asubiri nje hadi karo ikamilike. Alikaa akinisaidia kusahihisha madaftari ya watoto na kumwogesha bibi yake. Habari zilimfikia mwenye ranchi, naye akaja mwenyewe kwa gari, akaketi kwenye kochi letu, akamwahidi kazi. Walikuwa wanafungua nyumba ya wageni kule ranchini, wanataka msichana mwenye tabia nzuri wa kupokea watalii na kutandika vyumba. Mshahara haukuwa mbaya, na chumba kingekuwepo. Binti yangu alimshukuru, akasema atafikiri.

Gari lilipoondoka akaniuliza kwa Kiswahili, ili bibi yake asifuate haraka: "Mama, unataka niwe wa nne?"

Nilielewa. Babu, baba, mama kwenye pasi, sasa yeye kwenye vitanda. Nilimwambia kazi ni kazi, na akiweka akiba miaka miwili atarudi chuoni. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka abaki karibu. Alinisikiliza hadi mwisho. Siku chache baadaye akanijulisha kwamba amejiandikisha na wakala anayepeleka wasichana Arabuni kufanya kazi za nyumbani.

Tulizozana juma zima. Nilimkumbusha habari tunazozisikia, wasichana wanaonyang'anywa pasipoti, wanaorudi ndani ya masanduku. Nilimwambia huko ataitwa mtumwa waziwazi. Ndugu yangu alikuja akamwahidi vitu ambavyo sote tulijua hana. Mama alikuwa akisikiliza kutoka kitandani kwake.

"Huko pia nitakuwa nafanyia watu kazi," binti yangu alisema. "Najua. Lakini huko hakuna mtu atakayeniambia kwamba babu zetu walipendana."

Aliondoka mwanzo wa mvua za vuli. Familia anayoifanyia kazi si mbaya sana, anasema, ingawa simu anapewa Ijumaa tu. Anaosha, anapika, analea mapacha. Fedha zake za miezi ya kwanza zilikwenda kwa wakala, na zilizofuata alinitumia, akasisitiza nijenge. Nilijenga vyumba vitatu vya mabati upande wa mbele wa ploti, mgongo ukilielekea kaburi, madirisha yakitazama barabara. Kimoja anakaa mama, hakutaka kukaa kwingine. Viwili vilikaa tupu kwa muda, maana watu wa senta wanajua kilicho nyuma. Kisha ranchi ikaanza kuuza zile ploti zake za barabarani, ubao mkubwa ukasimamishwa wenye picha ya nyumba za ghorofa, na mafundi wakaja kutoka mbali wakitafuta pa kulala. Wao hawajali makaburi. Wanalipa kwa wakati.

Jumapili moja baada ya kanisa, nilitembea na ndugu yangu hadi ule upande wa laini. Vyumba vilikuwa vimebomolewa. Mlinzi getini, mtoto wa mtu tuliyekua naye, aliturudisha kwa aibu, akasema hata yeye hajui yale mawe ya makaburi ya nyuma yalipelekwa wapi, alikuta trekta limekwisha kupita. Ndugu yangu alitaka kupanda ua. Nilimshika shati.

Mkataba wa binti yangu ulipokwisha nilimtarajia. Nilikuwa nimeuliza chuoni, wakaniambia nafasi yake inaweza kufufuliwa akileta karo kabla ya muhula kuanza. Alipopiga simu nilimweleza hayo yote kwa haraka, kabla salio halijaisha. Akaniuliza hali ya bibi yake, akaniuliza kama mvua imenyesha. Nilimwuliza tena ni lini anarudi kusoma. Akasema ameongeza miaka mingine miwili, mapacha wamemzoea, na kwamba anaitwa, atanipigia Ijumaa.